Kushiba si kula vizuri: chakula cha kasuku aliyefika nyumbani



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunaongea mambo ya mpunga, mahindi, karanga na kuku. Leo nitaongea juu ya kasuku. Najua wengine watacheka na kusema agronome amekosa kazi. Ngojeni kidogo. Kasuku huyu alinikumbusha jambo moja ambalo nafundisha watu kila msimu, na ambalo siku moja mimi mwenyewe nilipita mbele yake bila kuliona.

Kasuku wa mama mweka hazina

Katika koperative moja si mbali na Kindu, mama mweka hazina alipokea kasuku wa kijivu kutoka kwa jirani aliyekuwa anahamia Kisangani. Ndege huyo alikuwa amekaa miaka mingi ndani ya nyumba ya watu. Alijua kusema "Hodi", alijua kukohoa kama mzee wa nyumba, na asubuhi aliita watoto waende masomo. Mama alimpenda, na watoto walimpenda zaidi.

Mimi nilifika pale kwa kazi ya kuangalia depo ya karanga. Nikakuta kitundu cha waya kimetundikwa jikoni, karibu na dirisha, na ndani yake bakuli limejaa karanga. Nikauliza, "Mama, huyu anakula nini?"

"Karanga paka karanga, agronome," akanijibu. "Tukimupa bukari anakula, mukate anakula, lakini karanga ndiyo anapenda. Zile tunachambua, zenye munuzi anakatala, sasa ziko na mwenyewe."

Nilicheka. Nikachota karanga mkono mmoja kutoka kwenye kikapu cha zilizokataliwa, nikamwongezea ndege. Kisha nikaandika hali ya depo katika daftari langu, nikapanda pikipiki, nikaenda zangu.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja simu ikalia. "Agronome, njoo uone. Ndege iko natetemeka. Imeanguka chini, haiwezi kushika mti."

Nikauliza kama ilikuwa inakula. "Inakula!" mama akasema kwa uchungu. "Kila siku inashiba."

Tulimleta veterinere kutoka mjini. Aliangalia manyoya yaliyopauka, akafungua mdomo wa ndege na kutuonyesha madoa meupe ndani, akamshika mguu uliokuwa unatetemeka. Akampiga sindano ya kalisiamu. Kisha akatugeukia, akauliza swali lile lile nililouliza mimi siku ile: "Huyu anakula nini?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa nini karanga peke yake zinaangusha ndege

Karanga si mbaya. Ni chakula chenye nguvu, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kasuku wa porini anaruka mbali kila siku kutafuta chakula, anachoma mafuta hayo. Kasuku wa kitundu anakaa mahali pamoja. Mafuta yanajaa mwilini, ini linachoka, na tumbo likishiba mafuta halina tena nafasi ya kitu kingine.

Tatizo la pili ni kalisiamu, madini yanayojenga mifupa na kuongoza kazi ya misuli na mishipa ya fahamu. Karanga zina fosforo nyingi na kalisiamu kidogo. Mbegu za alizeti na mahindi makavu ni hivyo hivyo. Fosforo ikizidi sana inazuia mwili kupata hata ile kalisiamu kidogo iliyopo. Kasuku wote wanaweza kuugua hivyo, lakini kasuku wetu wa kijivu anajulikana kuliko wengine kwa kupungukiwa na kalisiamu katika damu. Dalili ni kutetemeka, kukosa nguvu ya kushika mti, kuanguka, na mwishoni degedege. Mtu akiona hivyo asiite mganga wala asiseme amerogwa. Atafute veterinere siku ile ile.

Tatizo la tatu ni vitamini A. Mbegu kavu karibu hazina vitamini hiyo. Ikikosekana, ngozi ya ndani ya mdomo na pua inaharibika: madoa meupe mdomoni, kupiga chafya, macho kuvimba, manyoya kukosa rangi. Magonjwa ya mapafu yanapata mlango wa kuingilia.

Mbona basi anachagua karanga kila siku? Sababu ni ile ile inayomfanya mtoto achague sukari akiachiwa achague. Porini mafuta yanapatikana kwa shida, kwa hiyo mwili wa ndege umezoea kuyakimbilia popote yalipo. Ukimwachia achague peke yake, atachagua kitakachomuumiza.

Chakula chake kiko shambani mwetu

Katika nchi za nje watu wananunua chakula cha kasuku kilichotengenezwa viwandani, kina kila kitu ndani. Katika masoko ya vijiji vyetu hakipo. Lakini kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika, na Kongo ni moja ya nyumba zake kubwa. Vitu anavyohitaji vinaota hapa hapa.

Tulikaa na mama mweka hazina, tukapanga chakula cha siku kwa vijiko vikubwa kumi. Kasuku wa kijivu mzima ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na kipimo hiki kinamtosha:

Vijiko 4 vya majani na mboga za rangi. Majani ya maboga, matembele, kabichi, majani ya moringa, karoti, boga. Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa, kilichochemshwa, ni kizuri sana kwa vitamini A. Pilipili nyekundu pia, na msishangae: ndege hawasikii ukali wa pilipili kama sisi. Lengalenga anaweza kula, lakini isiwe kila siku, kwa sababu ina kitu kinachofunga kalisiamu isitumike vizuri. Changanya majani, leo haya, kesho yale.

Vijiko 3 vya nafaka na jamii ya maharagi, vimepikwa bila chumvi. Mchele usiokobolewa sana au mahindi mabichi, pamoja na maharagi, kunde au soya. Wale wanaochanganya chakula cha kuku wanajua sababu: kile kinachopungua katika proteini ya mahindi kinapatikana katika maharagi, na kinachopungua katika maharagi kinapatikana katika mahindi. Maharagi yaive kabisa. Maharagi mabichi ni sumu kwa ndege na kwa mtu.

Kijiko 1 cha ngazi mbivu. Kasuku wa porini anapenda sana matunda ya mchikichi. Rangi nyekundu ya ngazi na ya mawese ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A. Kama hakuna ngazi, tia matone machache ya mawese mabichi juu ya mboga. Yawe mekundu: mawese yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yamekwisha kupoteza kitu hicho.

Kijiko 1 cha matunda: papai, embe, pera, ndizi kidogo.

Kijiko 1 cha karanga au mbegu, zilizo safi. Karanga sasa zinakuwa zawadi. Mpe kwa mkono moja moja akisema "Hodi".

Kwa kalisiamu zaidi, chemsha ganda la yai, likauke, lisage liwe unga, nyunyiza kidogo sana juu ya chakula mara mbili au tatu kwa juma. Kipande cha yai lililochemshwa mara moja kwa juma ni kizuri pia. Msizidishe. Kalisiamu nyingi kupita kiasi inaumiza figo.

Usishangae akitupa nusu ya chakula chini. Kasuku wote wanafanya hivyo. Porini makombo yao yanalisha wanyama wengine, na nyumbani kuku watafurahi. Lakini chakula kilichopikwa kisibaki bakulini zaidi ya saa mbili au tatu. Joto letu linakichachusha haraka.

Vitu vya kumkataza

Avoka: usimpe hata kidogo. Kwetu ni tunda la kila nyumba na watoto watataka kumgawia, lakini kwa kasuku ni sumu inayoweza kumuua. Mkataze pia chokoleti, kahawa, na pombe ya aina yoyote, kasiksi na lotoko zikiwemo. Najua mchezo wa kumlewesha ndege ili watu wacheke. Mwili wa gramu 400 hauna nafasi ya mchezo huo. Makayabu na ndagala za chumvi, hapana. Kitunguu na kitunguu saumu, hapana. Majani ya muhogo mabichi, hapana, kwa sababu zile zile zinazotufanya tuitwange na kuichemsha sombe muda mrefu.

Na bukari? Kipande kidogo hakimuui. Lakini bukari ya muhogo ni wanga mtupu. Inajaza tumbo na kuacha mwili na njaa yake.

Kubadilisha chakula pole pole

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wale wenye moyo mzuri. Kasuku aliyefika leo katika nyumba mpya ana woga. Ukimwondolea siku hiyo hiyo chakula alichozoea, anaweza kukataa kula kabisa, na ndege akikaa siku nzima bila kula yuko katika hatari. Usiseme, "Akisikia njaa atakula." Wengine hawatakula.

Siku za kwanza mpe kile alichozoea kwa mwenye nyumba wa zamani, hata kama si kizuri. Baada ya hapo weka chakula kipya asubuhi, wakati ana njaa, na cha zamani umrudishie mchana na jioni. Punguza cha zamani kidogo kidogo, kwa majuma mengi.

Kasuku ni ndege wa kundi. Haamini chakula mpaka aone wengine wanakula. Mtoto wa mama mweka hazina ndiye aliyefaulu pale tuliposhindwa sisi wakubwa: alikaa mbele ya kitundu, akala karoti kwa kelele, akasema "Mm, tamu!" kila akimega. Siku ya tano kasuku akanyoosha shingo na kuomba. Jani la boga lilichukua karibu mwezi.

Katika muda huo wote, mpime. Koperative iko na mizani ndogo ya kupimia mbegu. Inatosha. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Ndege anaficha ugonjwa chini ya manyoya, lakini mizani haifichi. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa mfano kutoka gramu 420 kwenda 378, rudisha chakula cha zamani mara moja na utafute veterinere.

Jua, maji na moshi

Kalisiamu haifanyi kazi bila vitamini D, na mwili wa ndege unaitengeneza kwa msaada wa jua. Mtoe nje asubuhi, nusu saa hivi, na upande mmoja wa kitundu uwe na kivuli ili ajikinge akisikia joto. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo kinazuia mwanga ule unaotakiwa. Mtu akae karibu, juu ya paka na mwewe.

Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku, yawe yale mnayokunywa ninyi. Na kitundu kisikae jikoni. Mapafu ya ndege yanaumizwa na moshi haraka kuliko ya mtu. Kisikae pia pamoja na kuku, kwa sababu kuna magonjwa wanayoweza kupashana. Kila mtu anawe mikono baada ya kusafisha kitundu, maana kuna homa ya kasuku inayoweza kumshika mtu pia.

Karanga zilizokataliwa

Sasa narudi kwenye kikapu kile.

Mama mweka hazina hakufanya kosa la ubaya. Alifanya kile ambacho nyumba zetu nyingi zinafanya: mnunuzi anachagua karanga nzuri, na zile zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizogeuka rangi, zinabaki nyumbani. Zinakwenda kwa ndege, kwa kuku, na mara nyingi katika mchuzi wa watoto.

Memba wote mmenisikia nikifundisha juu ya aflatoksini. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Inaharibu ini. Haina harufu ya kukuonya, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Karanga inaweza kuonekana safi na kuwa nayo, lakini zile zilizosinyaa na zenye ukungu ndizo zinazobeba nyingi zaidi. Nilikuwa nimeyasema hayo mbele ya watu, ubaoni, kwa chaki. Kisha nikachota mkono mmoja wa karanga hizo hizo nikampa kiumbe cha gramu 400, kwa kuwa nilimwona ni ndege tu.

Mama aliniuliza baadaye, kwa sauti ya chini, "Agronome, kama zinaua ini ya ndege, na ya batoto je?" Nilikosa maneno kwa muda. Jibu lilikuwa katika mafundisho yangu mwenyewe: za watoto pia. Mtoto hafi siku hiyo, ndiyo sababu hatuoni. Lakini sumu ya kila siku kidogo kidogo inafanya kazi katika ini kwa miaka.

Tangu siku ile koperative hiyo iliamua jambo moja. Karanga zilizokataliwa kwa ukungu hazirudi nyumbani kwa mtu. Zinafukiwa ardhini. Ni hasara, ndiyo, na siku ya kwanza watu walinung'unika. Kwa hiyo wakaanza kupunguza hasara yenyewe mahali inapoanzia: kuvuna kwa wakati, kutandika karanga juu ya hema na si juu ya udongo, kuzianika mpaka ziwe zinalia ndani ya ganda ukizitikisa, na kuweka mifuko juu ya mbao katika depo, mbali na ukuta. Kikapu cha zilizokataliwa kimekuwa kidogo. Mnunuzi naye hakatai kama zamani.

Neno la mwisho: msinunue kasuku

Ninaandika haya kwa ajili ya kasuku ambaye tayari yuko ndani ya nyumba, ameachwa na mtu, hajui tena kuishi porini. Siandiki ili mtu aende kutafuta mwingine. Kasuku wa kijivu wanakwisha. Nchini Ghana, ambako zamani walikuwa makundi makubwa, karibu wote wametoweka. Tangu mwezi wa kwanza mwaka 2017 mapatano ya kimataifa ya CITES yanakataza kufanya biashara ya kasuku wa porini kati ya nchi na nchi. Wengi wanaonaswa kwa ulimbo na nyavu wanakufa kabla ya kufika sokoni. Anayenunua mmoja amelipia na wale waliokufa njiani. Ukiletewa kasuku, pitia kwanza ofisi ya mazingira au ICCN waliyo karibu nawe, wakuelekeze. Na ujue kwamba unapokea mzigo wa muda mrefu: kasuku anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Huenda mtoto wako ndiye atakayemrithi.

Kasuku wa mama mweka hazina yuko hai. Mara ya kwanza tulipompima alikuwa na gramu 371. Mwezi uliopita mizani ilisema 428. Hatetemeki tena. Manyoya mapya yameota kifuani, na mkia umerudia wekundu wake. Kitundu sasa kiko barazani, upande wa jua la asubuhi.

Nilipofika kuangalia depo, alisema "Hodi". Mama akanipa karanga moja nimpe. Niliigeuza kwanza, nikaiangalia pande zote, nikaipasua. Ilikuwa safi. Ndipo nikampa.

Kazi njema, na mavuno mema.